Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu William Boeing, Eddie Hubbard na Barua za Ndege

Jina la Boeing limeandikwa kwenye ndege ambazo wasomaji wengi wa Kiswahili wamewahi kuzipanda, au angalau kuzisindikiza kwa macho zikipaa kutoka Dar es Salaam au Nairobi, lakini mtu mwenyewe aliyelibeba jina hilo hajulikani sana kwetu. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila habari zake zinapozungumzwa. Nimekaa zaidi kwenye suala la barua, kwa kuwa naamini hapo ndipo ulipo moyo wa maisha yake ya kazi: kiwanda chake kilisimama imara kwa sababu ya magunia ya posta muda mrefu kabla abiria hawajawa na faida yoyote, na posta hiyohiyo ndiyo iliyomtoa katika biashara.

William Boeing alikuwa nani, na alitoka katika familia ya namna gani?

Alizaliwa Detroit, Marekani, tarehe 1 Oktoba 1881. Baba yake, Wilhelm Böing, alikuwa Mjerumani aliyehamia Marekani mwaka 1868 na kujipatia utajiri mkubwa kwa misitu ya mbao na ardhi yenye madini ya chuma. Mama yake, Marie, alitoka Vienna. Baba alifariki kwa homa ya mafua mwaka 1890, mtoto akiwa na miaka 8 tu. William alisomeshwa kwa muda Uswisi, akarudi na kujiunga na Chuo Kikuu cha Yale, lakini mwaka 1903 aliacha masomo kabla ya kuhitimu akaenda magharibi kabisa, jimbo la Washington, kufanya biashara ya mbao kwa mikono yake mwenyewe. Alifanikiwa. Mwaka 1908 alihamia Seattle, akiwa kijana mwenye fedha na anayependa sana mashua. Mwaka 1910 alinunua karakana ya kuunda mashua kando ya Mto Duwamish ili akamilishiwe mashua yake ya kifahari, bila kujua kwamba majengo hayo ya mbao ndiyo yangekuja kuwa kiwanda chake cha ndege.

Mfanyabiashara wa mbao alivutwaje na ndege?

Mwezi Januari 1910 alikwenda kutazama maonyesho ya ndege karibu na Los Angeles. Nyota wa maonyesho yale alikuwa rubani Mfaransa Louis Paulhan, na Boeing alimwomba ampandishe walau mara moja. Alisubiri siku baada ya siku, na mwishowe akaambulia patupu, kwa kuwa Paulhan alifunga mizigo yake akaondoka. Ilimbidi angoje zaidi ya miaka minne. Tarehe 4 Julai 1914 rubani Terah Maroney alileta ndege ya maji Seattle, naye Boeing pamoja na rafiki yake Conrad Westervelt, mhandisi wa Jeshi la Majini la Marekani, walipanda kwa zamu juu ya Ziwa Washington.

Inafaa kuelewa alivyopanda. Ndege ile haikuwa na chumba wala kiti cha maana. Abiria aliketi kwenye ukingo wa bawa la chini, ameshikilia nguzo kwa mikono miwili, upepo na manyunyu ya maji vikimpiga usoni. Wengine wangeshuka wakimshukuru Mungu kwa kufika salama. Boeing alishuka akiwa na maswali kuhusu jinsi chombo kile kilivyoundwa, na yeye na Westervelt wakaanza kuamini kwamba wao wangeweza kuunda kilicho bora zaidi.

Je, alikuwa rubani kweli, au tajiri tu aliyeajiri marubani?

Alikuwa rubani. Mwaka 1915 alikwenda Los Angeles kujifunza katika shule ya urubani ya Glenn Martin, na akanunua ndege ya maji kutoka kwa Martin huyohuyo. Ndege ilipoharibika huko Seattle na vipuri vikawa vinachukua miezi kufika, subira ilimwishia, na hapo ndipo wazo la kuunda ndege yake mwenyewe lilipogeuka kazi. Tarehe 15 Juni 1916 ndege hiyo ilikuwa tayari kwenye banda lake kando ya Ziwa Union. Rubani wa majaribio, Herb Munter, alichelewa kufika. Boeing hakumngoja, aliingia, akashika usukani na kuirusha mwenyewe.

Hata hivyo ni haki kusema kwamba hakuwa rubani wa kila siku. Alijua kuruka kiasi cha kutambua kazi nzuri na kazi mbovu, na kwa mwenye kiwanda hilo lilikuwa na manufaa makubwa. Rubani wa barua kwa maana kamili, yaani mtu aliyeamka asubuhi baada ya asubuhi kupeleka gunia la posta angani, alikuwa mwenzake Eddie Hubbard, ambaye nitamwelezea hapa chini.

Ndege hiyo ya kwanza ilikuwaje, na iliishia wapi?

Iliitwa B&W, kwa herufi za majina ya Boeing na Westervelt. Ilikuwa na mabawa ya ghorofa mbili, maboya mawili chini ya kuelea majini, na injini ya nguvu za farasi 125. Mwili na mbavu za mabawa vilikuwa vya mbao, vikavishwa kitambaa cha kitani kilichoshonwa na wanawake mafundi wa cherehani, kisha kikapakwa dawa ya kukikaza kama ngozi ya ngoma. Zilitengenezwa mbili tu. Jeshi la Majini halikuzitaka, zikauzwa Nyuzilandi kwa shule moja ya urubani. Huko ndiko moja ya ndege hizo, ikirushwa na George Bolt tarehe 16 Desemba 1919, ilipobeba barua rasmi za kwanza za ndege nchini humo, kutoka Auckland hadi Dargaville. Kwa maneno mengine, hata chombo chake cha kwanza kabisa, kilichokataliwa nyumbani, kilipata heshima yake ugenini kwa kubeba barua.

Kampuni ilianzishwa lini, na Wong Tsu ni nani?

Kampuni iliandikishwa tarehe 15 Julai 1916 kwa jina la Pacific Aero Products, na mwaka uliofuata ikabadilishwa jina kuwa Boeing Airplane Company. Karibu hisa zote zilikuwa za Boeing mwenyewe. Westervelt alikuwa amehamishwa na jeshi kwenda mashariki, hivyo kampuni changa ikabaki bila mhandisi wa ndege.

Pengo hilo lilizibwa na Wong Tsu, kijana Mchina aliyekuwa amesomea uhandisi wa ndege katika chuo cha MIT. Yeye ndiye aliyefanya kazi kubwa ya usanifu wa ndege iliyoitwa Modeli C, na mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, Jeshi la Majini liliagiza ndege 50 za aina hiyo kwa ajili ya kufundishia marubani. Huo ndio ulikuwa mkataba wa kwanza mkubwa wa kampuni. Wong Tsu alirudi China mwaka huohuo, akashiriki kuanzisha kiwanda cha kwanza cha ndege nchini mwake, huko Mawei karibu na Fuzhou. Jina lake linastahili kutajwa kila linapotajwa la Boeing, na kwa miaka mingi halikutajwa.

Ilikuwaje safari ya barua ya mwaka 1919?

Mwishoni mwa Februari 1919 yalikuwa yanafanyika maonyesho katika mji wa Vancouver, Kanada, na waandalizi wake walitaka kuonyesha kwamba barua zinaweza kuvuka mpaka kwa njia ya anga. Boeing alikuwa na ndege yake binafsi ya aina ya Modeli C, iliyoitwa C-700 kwa sababu ya mwisho ya zile za jeshi ilikuwa na namba 699. Yeye na Hubbard, rubani wake wa majaribio, waliondoka Seattle tarehe 27 Februari kuelekea kaskazini, wakakutana na dhoruba ya theluji, ikawabidi watue Anacortes kabla ya kuendelea na safari. Ndege yao ilikuwa wazi. Hapakuwa na kioo cha kuwafunika, wala kipasha joto, wala redio. Kilichowakinga na baridi ya mwezi huo kilikuwa makoti mazito, kofia na miwani ya upepo.

Tarehe 3 Machi walikabidhiwa mfuko wenye barua 60. Waliruka kutoka maji ya bandari ya Vancouver, Hubbard akiwa usukanini, wakashuka Edmonds kuongeza mafuta, kisha wakatua Ziwa Union mjini Seattle, safari nzima ikiwa imechukua takriban saa 3. Hizo zilikuwa barua za kwanza kuingia Marekani kwa ndege kutoka nchi ya nje.

Picha ya siku ile inawaonyesha watu wawili waliovaa manguo mazito ya kurukia, wamesimama karibu na ndege yao pamoja na mfuko wa posta, mfuko ambao mtoto wa shule angeweza kuubeba begani. Mimi hurudi kwenye picha hiyo mara nyingi. Barua 60 zingeweza kupakiwa kwenye treni kwa gharama ndogo sana, na hakuna aliyepata faida siku ile. Lakini Hubbard aliona kitu pale ambacho mwajiri wake alichukua miaka 8 kukikubali: kwamba mtu aliye tayari kulipia kasi hajali kama mzigo wake ni mdogo, na barua ndiyo mzigo mdogo kuliko yote wenye thamani kubwa kwa mwenyewe.

Je, hizo ndizo zilikuwa barua za ndege za kwanza duniani?

Hapana. Safari rasmi ya kwanza ya barua kwa ndege ilifanyika India tarehe 18 Februari 1911, wakati Mfaransa Henri Pequet alipobeba maelfu ya barua kutoka Allahabad hadi Naini, mwendo wa kilomita 10 hivi. Huko Marekani kwenyewe, Earle Ovington alibeba barua karibu na New York mwezi Septemba mwaka huo, na huduma ya kudumu ya posta ya anga ilianza tarehe 15 Mei 1918 kati ya Washington, Philadelphia na New York. Safari ya Boeing na Hubbard inahesabiwa kwa kuvuka mpaka wa nchi.

Eddie Hubbard alikuwa nani, na kwa nini anasisitizwa hivi?

Kwa sababu bila yeye habari hii ingekuwa ya kiwanda kingine kidogo kilichokufa baada ya vita. Mwaka 1920 aliacha kazi ya mshahara, akaomba mkataba wa serikali wa kupeleka barua kati ya Seattle na Victoria, upande wa Kanada, na akaanza kazi hiyo mwezi Oktoba.

Mantiki yake ilikuwa nyepesi na ya busara. Meli za kwenda Asia zilipoondoka bandari za eneo lile zilipita Victoria kama kituo cha mwisho, na zile zilizotoka Asia zilitia nanga hapo kwanza. Mfanyabiashara wa Seattle aliyechelewa kufunga barua yake alikuwa ameikosa meli, na kuikosa meli kulimaanisha kungoja nyingine kwa siku nyingi. Hubbard alichukua gunia la barua zilizochelewa, akaruka takriban kilomita 120 juu ya maji, akaikuta meli kabla haijang'oa nanga. Kwa zinazoingia alifanya kinyume chake: alizitoa melini Victoria na kuzifikisha Seattle kabla ya meli yenyewe.

Alitumia ndege iliyotengenezwa na Boeing, B-1, yenye mwili wa mashua na nafasi ya rubani, abiria wawili na mizigo ya posta. Iliruka kwa mara ya kwanza Desemba 1919. Kwa muda wa miaka 8 ilisafiri takriban kilomita 560,000, ikachakaza injini 6, na mwili wake ukabaki mzima. Njia yenyewe ina ukungu, mvua na upepo wa ghafla karibu mwaka mzima, na dira pekee ya kutegemewa ilikuwa macho ya rubani na kumbukumbu yake ya kila kisiwa. Alichojifunza hapo hakikuwa urubani tu. Alijifunza gharama: mafuta kiasi gani, vipuri kiasi gani, safari ngapi huahirishwa kwa mwezi, na ratili ya barua inapaswa kulipiwa kiasi gani ili mwenye ndege asile hasara.

Kiwanda chenyewe kilinusurikaje baada ya vita?

Kwa shida. Amani ilipokuja mwaka 1918 oda za jeshi zilikatika, na soko likajaa ndege za vita zilizouzwa kwa bei ya kutupa. Mafundi waliozoea kuchonga mbavu za mabawa waligeukia kutengeneza samani, kaunta za maduka na mashua za chini bapa. Fedha za kulipa mishahara zilipopungua, Boeing alitoa mfukoni mwake, faida ya mbao ikilisha ndege. Nafuu ilikuja kwa kazi za kukarabati ndege za jeshi, na mwaka 1921 kwa mkataba wa kutengeneza ndege za kivita 200 za MB-3A, zilizosanifiwa na kampuni nyingine.

Ni kweli kwamba alikuwa mkali kiwandani?

Ni kweli, na alieleza mwenyewe. Siku moja alipopita karakanani aliona mbavu za mabawa zilizokatwa vibaya. Alizifagia zote kutoka mezani hadi sakafuni, akazikanyaga mpaka zikavunjika zote. Mara nyingine alipoona waya wa kuongozea bawa umechakaa, alisema kwamba ni heri afunge kiwanda kuliko kutoa kazi ya namna ile.

Msomaji anaweza kuuona ukali huo kuwa majivuno ya tajiri. Mimi siuoni hivyo. Ubavu wa bawa ni kipande cha mbao nyepesi ambacho, kikishafunikwa na kitambaa, hakuna atakayekiona tena mpaka siku kitakapovunjika, na siku hiyo aliye juu hana pa kushukia. Fundi aliyeona mbao zile zikikanyagwa hakuhitaji kuelezwa zaidi, na mwenye kiwanda aliyewahi kukaa usukanini alijua anachokikanyaga.

Njia ya San Francisco hadi Chicago ilipatikanaje?

Hapa ndipo maisha ya Boeing yalipopinda. Hadi katikati ya miaka ya 1920 barua za anga zilibebwa na idara ya posta yenyewe, kwa ndege zake na marubani wake. Sheria ya mwaka 1925 iliruhusu kazi hiyo itolewe kwa kampuni binafsi kwa zabuni, na baadaye ikatangazwa njia ngumu kuliko zote, kutoka San Francisco hadi Chicago, zaidi ya kilomita 3,000, ikivuka safu za milima ya Sierra Nevada na Rocky.

Hubbard alikwenda kwa Claire Egtvedt, mhandisi aliyekuwa amepanda ngazi hadi kuwa kiongozi kiwandani, akiwa na hesabu zake zote. Kiwanda kilikuwa tayari kimeunda ndege ya barua mwaka 1925, iitwayo Modeli 40, lakini ilitumia injini ya Liberty iliyopozwa kwa maji, na posta haikuinunua kwa wingi. Mwaka 1926 ilitokea injini mpya ya Pratt & Whitney iitwayo Wasp, yenye nguvu za farasi zipatazo 420 na iliyopozwa kwa hewa tu. Fundi yeyote wa magari atalielewa jambo hili mara moja: ukiondoa rejeta, mabomba na maji yake, unaondoa mzigo mzito usiolipa nauli. Ndege ya kampuni nyingine ingevusha maji juu ya milima. Ya kwao ingevusha barua na watu mahali pa maji hayo.

Wawili hao walimpelekea Boeing hesabu hizo. Alisita. Kampuni ingelazimika kuunda zaidi ya ndege 20 kwa miezi michache, kuajiri marubani, kuweka vituo katika majimbo ambayo hakuwahi kufanyia biashara, na kuruka usiku juu ya milima wakati wa theluji. Husimuliwa kwamba usiku ule hakupata usingizi, na asubuhi mapema akawaita, akawauliza maswali yaliyobaki, akaruhusu zabuni iwasilishwe. Bei waliyoomba ilikuwa chini ya dola 3 kwa ratili moja, ndogo kiasi kwamba washindani walidhani wamekosea hesabu, na serikali ikadai dhamana ya fedha, ambayo Boeing aliisimamia mwenyewe.

Kampuni mpya iliitwa Boeing Air Transport. Tarehe 1 Julai 1927 safari zilianza kwa ndege za Modeli 40A, kila moja ikiweza kubeba takriban kilo 540 za barua pamoja na abiria wawili, na biashara ikalipa tangu mwanzo. Hubbard, aliyerudi kuisimamia njia hiyo, hakuishi kuyaona matunda yake kwa muda mrefu. Alifariki Desemba 1928.

Abiria walisafirije ndani ya ndege ya barua?

Kama nyongeza ya mzigo, na walijua hivyo. Kati ya mabawa palikuwa na chumba kidogo cha watu wawili, magoti yakigusana, na madirisha madogo pembeni. Rubani aliketi nyuma yao juu, nje kabisa, kichwa upeponi, kwa hiyo abiria walikuwa wamefunikwa kuliko aliyewaendesha. Jane Eads, mwandishi wa gazeti mjini Chicago, alikuwa miongoni mwa abiria wa usiku wa kwanza, na safari nzima hadi San Francisco ilichukua takriban saa 23, kwa kutua mji baada ya mji: Omaha, Cheyenne, Salt Lake City, Reno na vituo vingine.

Kazi ya rubani wa barua ilikuwa ya hatari kiasi gani?

Kati ya mwaka 1918 na 1927, wakati idara ya posta ilipoendesha safari hizo yenyewe, zaidi ya marubani 30 walipoteza maisha. Walifuata reli, mito na mashamba. Wingu likishuka, walishuka nalo mpaka karibu na vilele vya miti. Baadaye ziliwekwa taa kubwa zinazozunguka juu ya minara kila baada ya kilomita 16 hivi, na chini yake mishale mikubwa ya zege ikielekeza mnara unaofuata, hivyo rubani wa usiku alikwenda kutoka taa hadi taa. Sisi tuliokulia enzi za bahasha zenye ukingo wa bluu na nyekundu, tukibandika stempu na kuandika kwa ndege juu yake, hatukuwafikiria watu hawa. Ni vyema tukawafikiria sasa.

Kwa nini aliondoka katika kampuni yake mwaka 1934?

Mwaka 1929 biashara zake ziliunganishwa na kampuni ya injini ya Pratt & Whitney na nyingine kadhaa kuwa kundi moja kubwa, United Aircraft and Transport, ambalo lilitengeneza ndege, injini na mapangaboi, na papo hapo likamiliki mashirika yaliyoruka kwa ndege hizo na kulipwa na posta. Uchumi wa Marekani ulipoanguka, faida za kundi hilo ziliwakera wengi. Kamati ya Baraza la Seneti chini ya Hugo Black ilichunguza namna mikataba ya posta ilivyogawanywa mwaka 1930 katika vikao vilivyowapendelea wakubwa, na Boeing aliitwa mbele yake kuhojiwa kwa saa nyingi.

Februari 1934 Rais Roosevelt alifuta mikataba yote ya barua za ndani, akawapa wanajeshi kazi hiyo. Marubani wa jeshi, wasio na mazoezi ya kuruka usiku wala vyombo vya kufaa kwa dhoruba za majira yale, walianza kufa; zaidi ya 10 walipoteza maisha ndani ya miezi michache, na kazi ikarudishwa kwa mashirika. Lakini sheria mpya ya Juni ilipiga marufuku mtengenezaji wa ndege kumiliki shirika la kubeba barua. Kundi likagawanywa vipande vitatu: kiwanda cha Boeing, kampuni ya injini na viwanda vya mashariki, na shirika la United Airlines. Boeing aliuza hisa zake na kuondoka, akiwa na miaka 52, katika mwaka uleule aliotunukiwa Nishani ya Daniel Guggenheim kwa mchango wake katika usafiri wa anga.

Maoni yangu ni kwamba kamati ilikuwa na haki ya kuuliza maswali yake, kwa kuwa fedha za posta ni fedha za wananchi. Lakini kumhesabu Boeing sawasawa na walafi waliotajirika kwa makaratasi ya hisa hakukuwa haki, kwa sababu yeye njia yake ya 1927 aliipata kwa kuomba bei ndogo.

Je, kuna doa katika maisha yake?

Lipo, na halifai kufunikwa. Yeye na mkewe Bertha walimiliki na kupima viwanja vya makazi kaskazini mwa Seattle, na katika hati za viwanja hivyo, kwa mfano vya Innis Arden na Blue Ridge, liliwekwa sharti kwamba asiyekuwa mzungu asinunue wala kuishi humo, isipokuwa kama mtumishi wa nyumbani. Masharti hayo yalikuwa ya kawaida katika miji mingi ya Marekani wakati ule. Hilo halipunguzi ubaya wake. Wong Tsu, ambaye usanifu wake uliipa kampuni mkataba wake wa kwanza mkubwa, asingeruhusiwa kununua nyumba hapo.

Kuna uhusiano gani na Afrika Mashariki?

Katika uhai wake kama mwenye kiwanda, hakuna wa moja kwa moja. Barua za anga zilitufikia kwa mkono wa Waingereza: mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianza safari za kila wiki kutoka London hadi Mwanza, kwa ndege za kwao. Uhusiano wa baadaye ndio tunaouona viwanjani leo, ambapo Kenya Airways na Air Tanzania zote zinarusha Boeing 787.

Miaka yake ya mwisho ilikuwaje?

Alifuga farasi na ng'ombe katika shamba lake la Aldarra, mashariki mwa Seattle, na alisafiri sana baharini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alirudi kampuni kama mshauri. Tarehe 14 Mei 1954 alialikwa Renton kushuhudia ndege ya jeti iliyokuja kuzaa ndege ya abiria ya Boeing 707 ikitolewa kiwandani, na Bertha ndiye aliyevunja chupa kwenye pua yake. Alifariki tarehe 28 Septemba 1956 akiwa ndani ya mashua yake, Taconite, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 75, na majivu yake yalitawanywa baharini.

Kuna kitu chochote cha wakati ule kinachoweza kuonekana leo?

Vipo viwili vya kutazamwa. Jengo la mbao la karakana ya Duwamish, liitwalo Ghala Jekundu, lilihamishwa na sasa ni sehemu ya Jumba la Makumbusho ya Anga mjini Seattle. Na ile B-1 ya Hubbard, ya mbao na kitambaa, imening'inizwa darini katika makumbusho ya historia ya mji, kando ya Ziwa Union, kwenye maji yaleyale alikotua na Boeing siku walipoleta barua 60.